Uwezekano wa Kushinda Kasino: Hesabu, Ubongo na Chumba cha Kliniki

Mtu anayefika kliniki akiwa na shinikizo la damu lisilodhibitika, usingizi uliopotea na dawa alizoacha kununua, ni nadra kusema kwamba fedha za dawa zimekwenda kasino. Husema maisha ni magumu. Mtoa huduma naye hubadilisha dawa, huongeza dozi na kupanga tarehe ya kurudi. Kati ya wawili hao limebaki jambo lisilotajwa, na sababu mojawapo ya kutotajwa kwake ni kwamba mgonjwa bado anaamini fedha zile zitarudi. Anaamini hivyo kwa kuwa amewahi kushinda. Imani ya namna hii haiondoki kwa kukemewa. Ni imani inayohusu hesabu, na hesabu yenyewe inaweza kuwekwa wazi hata na mtu ambaye hakupenda somo hilo shuleni.

Gurudumu lenye vishimo 37

Mchezo wa kasino unaofaa zaidi kujifunzia ni ruleti, kwa sababu hauna siri yoyote. Gurudumu la ruleti linalotumika Ulaya na katika kasino nyingi duniani lina vishimo 37: namba 1 hadi 36, nusu yake nyekundu na nusu nyeusi, pamoja na sifuri moja ya kijani. Mchezaji akiweka dau la shilingi 1,000 juu ya namba moja na kigololi kikaangukia hapo, hulipwa shilingi 35,000 na kurudishiwa dau lake, jumla shilingi 36,000. Malipo hayo yangekuwa ya haki kabisa kama vishimo vingekuwa 36. Lakini viko 37. Kishimo hicho kimoja cha ziada ndicho kinacholipa mishahara ya wahudumu, umeme, mazulia, vinywaji vya bure na faida ya mwenye kasino.

Anayetaka kuliona jambo hili bila kanuni na afikirie mchezaji anayeweka shilingi 1,000 juu ya kila kishimo kwa wakati mmoja. Hawezi kukosa: namba yoyote itakayotoka ni yake. Ametoa shilingi 37,000 na atapokea shilingi 36,000. Amehakikisha ushindi, na kwa kuuhakikisha amepoteza shilingi 1,000, yaani asilimia 2.7 ya alichokiweka. Mchezaji anayeweka dau juu ya namba moja tu hulipa asilimia hiyo hiyo, ila yeye huilipa kwa wastani na kwa kuchelewa, ndiyo maana haioni. Katika gurudumu la Kimarekani, lenye sifuri mbili na vishimo 38, makato hufikia asilimia 5.26.

Dau la rangi halitofautiani. Nyekundu ina vishimo 18 kati ya 37, hivyo uwezekano wa kushinda ni asilimia 48.65. Wengi wakisikia takwimu hiyo huvutika, kwa kuwa inakaribia nusu kwa nusu. Wanachosahau ni kwamba makato hayahesabiwi kwa fedha zilizomo mfukoni, bali kwa jumla ya madau yote yaliyowekwa, na fedha ile ile huwekwa mezani tena na tena. Mtu aliyeingia na shilingi 100,000, akaweka shilingi 5,000 kila mzunguko, mizunguko 40 kwa saa, kwa muda wa saa 5, atakuwa ameweka madau ya shilingi milioni 1 iwapo fedha zitamfikisha mwisho wa muda huo. Asilimia 2.7 ya milioni 1 ni shilingi 27,000. Zaidi ya robo ya fedha alizoingia nazo imekwenda, na hapo hakuna mkosi wowote uliompata. Huo ni usiku wa kawaida.

Mlezi mwenye shilingi 100,000

Chukuliwe mfano unaogusa hospitali moja kwa moja. Mlezi wa mgonjwa ana shilingi 100,000 na anahitaji shilingi 200,000 kwa ajili ya vipimo na dawa. Anafikiri kasino itamsaidia kupata nusu iliyopungua. Kwa kuwa ni mtu mwangalifu, anaamua kuweka shilingi 1,000 tu kila mara juu ya nyekundu, na kuondoka pindi atakapofikisha shilingi 200,000. Je, uwezekano wa kufikia lengo hilo kabla ya kuishiwa kabisa ni upi?

Kama gurudumu lisingekuwa na sifuri, jibu lingekuwa nusu kwa nusu. Kwa kuwa sifuri ipo, jibu ni chini ya asilimia 0.5. Katika walezi 1,000 waangalifu wa namna hiyo, takribani 4 au 5 wangetoka na shilingi 200,000, na 995 wangetoka mikono mitupu baada ya kukaa mezani kwa maelfu ya mizunguko. Madau yakiwa ya shilingi 10,000, uwezekano hupanda hadi karibu asilimia 37. Akiweka fedha zote kwa mara moja, ni asilimia 48.65 ile ile ya awali.

Wasomaji wengi hushangazwa na matokeo haya, kwa sababu busara ya kawaida hufundisha kwamba anayetoa kidogo kidogo hujilinda. Kasinoni uangalifu huo humpa sifuri muda mrefu zaidi wa kufanya kazi yake. Hesabu hii isichukuliwe kuwa ushauri wa kuweka fedha zote mara moja, maana hata huyo wa mwisho ana uwezekano mkubwa zaidi wa kupoteza kuliko kupata, na mgonjwa wake atabaki bila hata kipimo kimoja. Inachoonyesha ni kwamba muda ndio rafiki mkubwa wa kasino. Ukumbi usio na saa ukutani wala dirisha, chakula kinacholetwa palipo mchezaji, kiti kizuri: vyote hivyo hurefusha muda.

Jakob Bernoulli wa Uswisi, ambaye kitabu chake kilichapishwa mwaka 1713 baada ya kifo chake, alithibitisha kanuni iliyo nyuma ya jambo hili: kadiri majaribio yanavyoongezeka, ndivyo matokeo halisi yanavyosogea kwenye uwiano unaotabiriwa na hesabu. Mchezaji mmoja kwa usiku mmoja anaweza kuwa juu au chini ya wastani. Kasino, yenye wachezaji mamia na mizunguko maelfu kila usiku, haina haja ya bahati.

Kigololi hakina kumbukumbu

Tarehe 18 Agosti 1913, katika kasino ya Monte Carlo, kigololi cha ruleti kiliangukia nyeusi mara 26 mfululizo. Kadiri mfululizo ule ulivyorefuka, watu walizidi kumimina fedha juu ya nyekundu wakiamini kwamba zamu yake imefika. Walipoteza fedha nyingi mno. Uwezekano wa nyeusi kutoka mara 26 mfululizo ni takribani 1 kati ya milioni 137, nao wachezaji walikuwa na haki ya kustaajabu. Kosa lao lilikuwa mahali pengine. Baada ya nyeusi ya 25, uwezekano wa nyeusi nyingine ulikuwa 18 kati ya 37, sawasawa na ulivyokuwa mwanzo wa usiku. Gurudumu halijui lilichotoa dakika iliyopita, wala halidaiwi na yeyote.

Mzazi aliyepata mabinti wanne huambiwa na majirani kwamba wa tano lazima awe mvulana, na kosa ni lile lile. Wauguzi wa wodi za wazazi hulisikia kila siku.

Imani hiyo ndiyo inayozaa mbinu maarufu ya kuongeza dau mara mbili kila baada ya kukosa: 1,000, kisha 2,000, kisha 4,000, na kuendelea, ili ushindi mmoja ufute hasara zote na kuacha faida ya shilingi 1,000. Mbinu hii hufanya kazi mara nyingi sana, na hapo ndipo hatari yake ilipo. Mchezaji mwenye fedha za kutosha kukosa mara 7 anahitaji shilingi 127,000. Uwezekano wa kukosa mara 7 mfululizo kwenye dau la rangi ni kama mara 1 katika kila misururu 106. Katika misururu 105 mingine atakusanya shilingi 105,000, moja moja, na kuwasimulia rafiki zake kwamba amepata njia. Msururu mmoja utachukua shilingi 127,000. Anayeeleza kwamba alikuwa akishinda kila siku kwa wiki kadhaa kisha akafilisika usiku mmoja huwa anasema kweli.

Mashine, dubwi na mkeka

Ruleti huonyesha vishimo vyake hadharani. Mashine za sarafu, ambazo Tanzania hujulikana mitaani kwa jina la dubwi, hazionyeshi. Mwaka 1984 nchini Marekani mhandisi Inge Telnaes alipewa hataza ya mfumo ambao kwao matokeo huchaguliwa na namba za nasibu ndani ya mashine, na magurudumu yanayoonekana huonyesha tu kilichokwisha kuamuliwa. Tuseme kila gurudumu kati ya matatu linaonyesha alama 22. Mchezaji anayehesabu kwa macho ataona kuwa uwezekano wa alama kuu kujipanga mara tatu ni 1 kati ya 10,648. Lakini ikiwa ndani ya mashine kila gurudumu lina nafasi 64, na alama kuu imepewa nafasi moja tu, uwezekano halisi ni 1 kati ya 262,144. Macho yamedanganywa zaidi ya mara 24, na mashine haijavunja kanuni yoyote.

Kasi nayo ni sehemu ya tatizo. Anayebonyeza kila baada ya sekunde 6 hufikisha mizunguko 600 kwa saa. Kwa dau la shilingi 200 huyo ameweka shilingi 120,000 kwa saa moja, na mashine inayokata asilimia 10 itambakishia hasara ya wastani wa shilingi 12,000, ingawa kila bonyezo lilionekana kuwa la fedha ndogo isiyofika hata nauli ya daladala.

Mkeka wa kubashiri mechi hauchezwi kasino, lakini wagonjwa wengi vijana wataujua kuliko ruleti. Mechi yenye matokeo mawili yanayolingana uwezekano ingestahili kulipa mara 2 ya dau. Kampuni ikilipa mara 1.90 imekata asilimia 5. Mkeka wa mechi 10 za namna hiyo hulipa takribani mara 613, na uwezekano wa kuupata ni 1 kati ya 1,024. Makato yamejizidisha yenyewe hadi kufikia asilimia 40. Anayesema mkeka wake umechanwa na mechi moja tu ameeleza jambo ambalo hesabu inalitarajia.

Kinachotokea ndani ya ubongo

Ikiwa hesabu iko wazi hivi, kwa nini watu wenye akili timamu, wakiwemo wahasibu na madaktari, huendelea kucheza? Sehemu ya jibu imo katika kemikali ya ubongo iitwayo dopamini. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 na Christopher Fiorillo, Philippe Tobler na Wolfram Schultz, uliofanywa kwa nyani, ulionyesha kwamba seli za dopamini huwa na msisimko unaoendelea wakati wa kungoja tuzo, na msisimko huo huwa mkubwa zaidi uwezekano wa tuzo unapokuwa nusu kwa nusu. Tuzo ya hakika haiamshi mngojo wa namna hiyo, na isiyowezekana haiuamshi pia. Mezani kasino humuuzia mchezaji hali ile hasa ambayo ubongo huitazama kwa makini zaidi.

Kuna pia suala la kukosa kidogo. Mwaka 2009 Luke Clark na wenzake wa Chuo Kikuu cha Cambridge walionyesha, kwa picha za ubongo, kwamba alama mbili zinapolingana na ya tatu ikapita kidogo, maeneo ya ubongo yanayohusika na ushindi huamka, ingawa mchezaji hakupata chochote. Washiriki waliliona tukio hilo kuwa baya kuliko kukosa kabisa, na bado liliwaongezea hamu ya kuendelea. Watafiti wa Kanada, katika kazi iliyochapishwa mwaka 2010, nao walichunguza mashine zinazocheza muziki na kuwasha taa mchezaji anaporudishiwa fedha pungufu ya dau lake. Mwili wake, ukipimwa kwa jasho la ngozi, uliitikia hasara hiyo kama ushindi.

Kwa hiyo mgonjwa anaposema nilikaribia kabisa, kauli yake ichukuliwe kama dalili, kama vile kliniki inavyochukua kauli ya maumivu.

Mtoa huduma aulize nini

Chama cha Madaktari wa Magonjwa ya Akili cha Marekani kiliuingiza uraibu wa kamari katika mwongozo wake wa uchunguzi mwaka 1980, kikiuweka pamoja na matatizo ya kushindwa kuzuia msukumo. Mwaka 2013, katika toleo la tano, kiliuhamishia kwenye kundi moja na ulevi na uraibu wa dawa za kulevya. Orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, ICD-11, iliyoanza kutumika rasmi Januari 2022, inautambua pia. Alama zake kuu ni tatu: kushindwa kujitawala juu ya kuanza, muda na kiasi cha mchezo, kamari kutangulizwa mbele ya shughuli nyingine za maisha, na kuendelea licha ya madhara. Kwa kawaida hali hiyo huangaliwa kwa kipindi cha miezi 12.

Uchunguzi wa awali hauhitaji fomu ndefu. Maswali mawili, yaliyotungwa miaka ya 1990 na kutumika katika nchi nyingi, hutosha kufungua mlango: je, mtu amewahi kuhisi haja ya kuongeza fedha za kamari zaidi na zaidi, na je, amewahi kuwaficha watu wake wa karibu ukweli kuhusu kiasi anachocheza. Jibu moja la ndiyo linatosha kuendelea na mahojiano ya kina. Namna ya kuuliza ina uzito wake. Muuguzi kijana anayemhudumia mzee aliyemwamkia shikamoo dakika chache zilizopita hawezi kumrukia na neno kamari. Anaweza kusema, “Mzee wangu, wagonjwa wengi wananiambia fedha za dawa zinaishia kwenye michezo ya kubahatisha. Kwako hali ikoje?” Mke au mume asiwe chumbani swali hilo linapoulizwa mara ya kwanza, kwa kuwa siri ndiyo sehemu kubwa ya ugonjwa.

Swali la pili lisiloweza kuahirishwa linahusu kujiua. Watu wenye uraibu wa kamari wana hatari kubwa ya kujiua kuliko watu wengine, hasa deni linapofichuka. Kuuliza waziwazi hakumpandikizii mtu wazo hilo. Anayejibu kwamba amefikiria kujiua asiachwe aende nyumbani peke yake kabla ya kuonwa na mtaalamu wa afya ya akili.

Kuhusu matibabu, njia yenye ushahidi mwingi zaidi ni tiba ya mazungumzo inayorekebisha fikra na mwenendo. Sehemu yake moja ni hesabu ile ile iliyoelezwa hapo juu, ikifanywa kwa kalamu na mgonjwa mwenyewe kwa kutumia madau yake halisi ya mwezi uliopita. Mfano wa kitabuni haumwingii. Naltreksoni, dawa inayotumika kwa uraibu wa pombe, imejaribiwa na kuonyesha manufaa kwa baadhi ya wagonjwa, ila huandikwa na daktari bingwa tu. Nyumbani, hatua zisizo na gharama ndizo za kwanza: mshahara upitie kwa ndugu anayeaminika kwa muda uliokubaliwa, programu za kubashiri ziondolewe kwenye simu, na salio la fedha za simu lisikae kubwa usiku. Ndugu wasilipe deni lote kwa mkupuo bila mpango wa matibabu, kwa kuwa mgonjwa anaweza kuupokea msaada huo kama ushindi mwingine.

Dawa zinazoweza kuamsha kamari

Kuna kundi moja la wagonjwa ambalo halikuwa na historia yoyote ya kamari na likaanza ghafla. Dawa zinazoiga dopamini, kama pramipeksoli na ropiniroli, hutumika kwa ugonjwa wa Parkinson na pia kwa tatizo la miguu isiyotulia usiku. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2010, uliohusisha wagonjwa 3,090 wa Parkinson nchini Marekani na Kanada, uliona matatizo ya kushindwa kuzuia msukumo kwa asilimia 17.1 ya waliokuwa wakitumia dawa za kundi hilo, ikilinganishwa na asilimia 6.9 ya wasiozitumia. Kamari ya kupindukia peke yake ilionekana kwa asilimia 5 ya wagonjwa wote. Mwaka 2016 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitoa onyo la aina hiyo kuhusu aripiprazoli, dawa ya magonjwa ya akili.

Familia ya mgonjwa anayeanzishiwa dawa hizi ielezwe mapema, mbele yake na kwa heshima, kwamba mzee aliyekuwa bahili maisha yake yote akianza kununua tiketi za bahati nasibu au kuomba kupelekwa kasino, taarifa irudishwe kliniki wiki hiyo hiyo. Mara nyingi tabia hiyo hupungua au kuisha dozi inapopunguzwa au dawa kubadilishwa. Mgonjwa asiikatishe dawa mwenyewe kwa ghafla, maana kuacha ghafla kunaweza kuleta wasiwasi mkali, jasho, maumivu na huzuni. Daktari ndiye atakayeishusha dozi hatua kwa hatua, na katika kila hatua aulize tena maswali yale mawili.